Anayejua Ainue wa Kulia

"Haya, Fancy, tuambie. Tumetia maji ya ndimu, rangi imegeuka nyekundu. Kwa hivyo maji ya ndimu ni nini?"

Fancy alisimama. Mkono wa kulia aliokuwa ameunyoosha juu kwa furaha ukashuka taratibu.

"Maji ya ndimu ni... ni tunda, mwalimu."

Gredi ya Nane nzima ikaangua kicheko. Mwalimu Barke alicheka nao kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na akaambiwa samahani. Fancy alikuwa wa nne. Wanne wote walikuwa wameinua mkono wa kulia, na wanne wote walikuwa hawajui kitu.

Nyuma ya darasa, Daktari Chrispine, mtahini kutoka chuoni, aliandika jambo kwenye karatasi yake. Kisha akaweka kalamu.

"Mwalimu, niruhusu. Wewe binti wa dirishani, uliyeinua mkono wa kushoto. Maji ya ndimu ni nini?"

"Ni asidi, bwana. Na maji ya majivu ni besi, ndiyo maana yametoa rangi ya kijani."

"Na wewe pale, wa kushoto pia?"

"Asidi, bwana!"

Jasho lilimtiririka Barke mgongoni hadi kwenye mshipi. Jumamosi alikwenda Kongowea kutafuta kabichi la zambarau, akalichemsha jikoni kwa mamake mpaka likatoa rangi safi ya kupimia asidi na besi. Vikombe kumi na viwili alivipanga mezani. Andalio la somo aliliandika mara tatu. Na sasa hayo yote yalikuwa yamekwisha kazi, kwa ajili ya mikono ya watoto.

Jamani, ujanja wenyewe mwaujua. Siku ya kukaguliwa, mwalimu huliambia darasa: inueni mikono wote, mtahini apendezwe. Anayejua ainue wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mwalimu huchagua wa kulia tu, na darasa zima huonekana limeelewa. Katika shule ile ya Mikindani aliyeuanzisha ni Barke mwenyewe, mwaka wa jana, tena hakuuanzisha kwa faida yake. Aliuanzisha kwa ajili ya Aqil, mchumba wake, alipokuwa akikaguliwa yeye.

Kengele ilipolia, Daktari Chrispine alimwita kando ya kiambaza cha maabara.

"Mwalimu Barke, nimekagua walimu miaka kumi na tisa. Huu ujanja wa mikono miwili niliukuta, na nikistaafu nitauacha."

"Daktari, naomba nikueleze..."

"Ngoja nimalize. Kila mmoja hujaribu kunidanganya. Lakini wewe ndiye wa kwanza niliyemwona akakosea hata udanganyifu wenyewe."

"Daktari, wallahi watoto hawa wanajua. Kuna jambo limetokea silifahamu."

"Alama thelathini na moja. Kufaulu ni hamsini. Hili lilikuwa somo lako la tatu na la mwisho, na kwenye faili yako nitaandika maoni yangu. Siku njema."

Akaenda zake, viatu vikilia kwa-kwa-kwa kwenye sakafu. Barke alibaki amekumbatia kabichi lililochujwa.

* * *

Barke na Aqil walihitimu pamoja, yeye kemia, Aqil fizikia. Vyeti vya chuo kikuu wanavyo, ualimu hawakuusomea. Shule iliwachukua hivyo hivyo, mpaka lilipokuja agizo: mhitimu yeyote asiye na diploma ya ualimu na namba ya usajili, kufikia Januari hii asionekane na chaki mkononi. Wote wawili wangeondoka kwenda kusoma, sayansi ingekosa mwalimu. Wakapatana mmoja aende kwanza.

"Nenda wewe," Barke alimwambia. "Vipindi vyako nitavishika."

"Vyote?"

"Vyote. Na maandalio yako nitakuandikia, hati yako kama ya kuku."

Aqil alicheka siku ile, akamshika kidole kile chenye pete. "Barke, nami nakuahidi. Wewe ukija kufaulu, wiki hiyo hiyo nakuja na wazee na kadhi."

Mwaka mzima Barke alifundisha vipindi vya watu wawili. Sauti ilimkauka akawa akiongea kama jogoo mgonjwa. Aqil akafaulu, akapata namba, akafanywa msimamizi wa masomo. Kisha ikawa zamu ya Barke. Somo moja tu lilibaki kati yake na kazi, na kati yake na ndoa, na ndilo lile la Jumanne.

Simu ililia kabla hajatoka maabara. Aqil alikuwa amepeleka timu ya voliboli Changamwe.

"Mahabuba! Imekwendaje?"

"Nimeanguka, Aqil."

"Amekwambia mwenyewe? Ameandika?"

"Ameandika. Aqil, watoto walipindua mikono. Wa kulia hawajui, wa kushoto ndio wajuao. Sijui wameingiwa na nini."

"Watoto hao! Walisahau tu. Basi pole, pole sana. Usilie, watu watakuona."

"Na arusi je? Mama ameshawaambia watu."

"Arusi haikimbii. Ngoja, refa ananiita."

Saa kumi ujumbe uliingia: *Nyota yangu, usijihuzunishe. Utarudia mwakani inshallah. Nitakungoja hata miaka mitano. Ahadi yetu ni ile ile, wiki utakayofaulu.*

Barke aliusoma ujumbe ule mara sita akilia, akamshukuru Mungu kwa kumpa mwanamume mvumilivu. Mjinga wa watu!

* * *

Kesho yake Fancy alileta madaftari ya darasa. Akayaweka mezani, lakini hakuondoka.

"Kuna nini, Fancy?"

"Mwalimu, umenikasirikia?"

"La, mwanangu. Mbona uliinua wa kulia nawe hukujua?"

"Si tuliambiwa tubadilishe?"

Barke aliacha kalamu. "Mliambiwa na nani?"

"Mwalimu Aqil. Jumatatu, ulipokuwa umeenda chuoni. Alisema wewe ndiye uliyemtuma. Ati mtahini huyu ameshaijua ile ya kulia, kwa hivyo kesho anayejua ainue wa kushoto. Akatufanyisha mazoezi mara tatu."

"Mara tatu?"

"Ndiyo, mwalimu. Mimi nilifurahi." Fancy aliangalia viatu vyake. "Mimi siku zote huwa wa kushoto. Jana ndiyo mara ya kwanza kuinua wa kulia. Kisha ukanichagua."

Hapo ndipo Barke alipokumbuka lile swali la simu. *Ameandika?* Mtu ampendaye angeuliza hivyo? Hakupiga kelele. Alimpa Fancy ruhusa ya kwenda kucheza, akafunga shela yake vizuri, akaenda hadi ofisi ya mwalimu mkuu, Bi Nduku.

"Ingia, Barke. Keti. Nimeona ripoti ya chuo. Pole."

"Ahsante. Mwalimu Nduku, nataka kujua Januari nafasi yangu inachukuliwa na nani."

Bi Nduku alivua miwani. "Kwani Aqil hajakwambia? Alisema atakuandaa polepole. Kuna mwalimu anaitwa Ummulkheir, walisoma diploma pamoja. Namba ya usajili anayo. Kesho anakuja kufundisha somo la majaribio."

"Aliyeleta barua yake ya kuomba kazi ni nani?"

"Aqil mwenyewe. Si ni mchumba wake?" Bi Nduku alitabasamu. "Nikamuuliza, kwani Barke si ndiye mchumba wako? Mbona mko pamoja kila wakati? Akacheka sana. Akanieleza hayo mambo yenu ya Waislamu, kwamba mamako alimnyonyesha alipokuwa mchanga, kwa hivyo nyinyi ni ndugu wa ziwa moja, hamwezi kuoana kabisa. Mimi nikasema aa, ndiyo maana unamfanyia kazi zake bila kuchoka. Dada!"

Ndugu wa ziwa moja! Uongo mwingine ungemuuma, lakini huu ulikuwa umetengenezwa na fundi. Pale pwani nani atauliza zaidi akishaambiwa hivyo? Anaweza kumshika mkono mbele za watu, anaweza kula kwao, anaweza kumtumikisha, na siku ya siku anaoa kwingine na watu wanampigia vigelegele.

"Barke? Nimesema vibaya?"

"La, mwalimu. Umesema vizuri sana. Kesho naomba niketi nyuma, nimsikilize huyo mgeni."

"Ningekuomba hivyo hivyo. Wewe ndiye unayejua darasa limefika wapi."

Jioni hiyo alimwambia mamake kila kitu. Bi Mwanatabu alikuwa akichambua mchele. Aliposikia habari ya ziwa, mkono ulisimama juu ya uteo.

"Yuwasema nani? Mimi nimemnyonyesha Aqil?"

"Ndivyo alivyowaambia, mama."

"Aqil mwana wa Sheikhan? Mamake mimi nimemjua mwaka wa juzi, mwezi wa mfungo mosi, walipokuja posa!"

"Mama, tafadhali usiende kwao."

"Siendi." Bi Mwanatabu akaendelea kuchambua, macho hayamo kwenye mchele. "Siendi, mwanangu. Atakuja yeye."

* * *

Alhamisi, Ummulkheir alifika mapema. Msichana mzuri, mpole, buibui limepigwa pasi, mkononi mkoba wa chaki za rangi. Alipomwona Barke alimkumbatia.

"Wifi yangu! Hatimaye! Aqil hakuishi kukutaja. Ati umemshikia vipindi vyake mwaka mzima. Wallahi dada kama wewe hapatikani."

Aqil alikuwa nyuma yake hatua mbili. Rangi ilimtoka.

"Ummu, twende, watoto wanangoja," akasema.

"Mwache anisalimie," Barke akajibu. "Karibu, Ummulkheir. Nami leo nimekuja kukusikiliza."

Somo lilikwenda kama maji. Ummulkheir alifundisha sumaku, na alijua kazi yake, tusimdhulumu. Kila alipouliza swali mikono yote ilikwenda juu, na kila aliyemchagua alijibu sawasawa. Aqil alisimama mlangoni, macho yakimwendea Barke na kurudi.

"Vizuri sana!" Bi Nduku akapiga makofi. "Mwalimu Barke, una swali lolote kwa mgeni wetu?"

"Kwa mgeni sina. Ninalo kwa darasa." Barke alisimama. "Watoto, msiogope, hakuna atakayepigwa. Jumatatu mimi sikuwapo. Nani aliyekuja hapa akawaambia mbadilishe mikono?"

Watoto waliangaliana. Fancy akauliza kwa sauti ndogo:

"Tuinue upi, mwalimu?"

"Leo msiinue wowote. Semeni tu."

"MWALIMU AQIL!" Darasa zima, kama wanaitikia salamu.

"Na alisema katumwa na nani?"

"NA WEWE!"

"Basi mimi sikumtuma. Ahsanteni. Nendeni mapumziko."

Watoto walitoka wakisukumana. Walibaki wanne. Ummulkheir alimgeukia Aqil, chaki bado iko mkononi.

"Aqil, sielewi. Ndiyo maana dadako ameanguka? Umemfanyia makusudi dadako?"

"Si hivyo, Ummu. Barke, haya tungeyazungumza nyumbani..."

"Nyumbani wapi?" Barke alivua pete, akaiweka juu ya meza ya mwalimu. "Ummulkheir, mamangu hakumnyonyesha mtu huyu hata tone. Mamangu alipokea posa yake mwaka wa juzi, mbele ya wazee sita. Ahadi yetu ilikuwa wiki nitakayofaulu, anakuja na kadhi. Sasa unaelewa kwa nini nisifaulu?"

Ummulkheir aliangalia pete. Kisha akamwangalia Aqil.

"Ulimtaja mama wa watu na maziwa yake, Aqil? Kwa mdomo wako? Mimi nimempigia mamangu simu nikamwambia nina wifi kama dada."

"Ummu, nilikuwa natafuta namna ya kumwacha bila kumuumiza!"

Hata Bi Nduku aliguna.

"Bila kumuumiza!" Barke alirudia. "Ulishindwa kunambia sikutaki? Neno moja tu, Aqil. Ungeniambia ningelia wiki, nikanyamaza, nikafaulu. Ukaona afadhali uninyang'anye kazi niliyokupa wewe kwanza!"

"Mwalimu Nduku," Ummulkheir alisema, "kazi hii naitaka, kwa sababu nimeisomea na nyumbani wananitegemea. Huyu hapa simtaki. Kama kuna njia ya kunipangia ratiba nisionane naye, nitashukuru."

Bi Nduku akashusha pumzi. "Kazi ni yako. Barke, nichukie unavyotaka, lakini mimi naulizwa namba ya usajili, siulizwi nani alidhulumiwa. Huna namba. Mwisho wa muhula tutaagana. Na wewe Aqil, usimamizi wa masomo niletee funguo leo."

Ummulkheir alimsogelea Barke. "Nisamehe, dada. Sikujua."

"Najua hukujua," Barke akasema. "Lakini leo sikusamehe. Labda mwakani."

* * *

Jumapili simu ilianza. Kwanza: *Barke shetani alinipitia.* Kisha: *Ummulkheir ameniblock. Moyo wangu ulikuwa kwako siku zote.* Kisha, baada ya saa nzima, lile lililokuwa likimsumbua hasa: *Faili yangu ya mazoezi bado iko kwako? Usiipeleke chuoni tafadhali. Tutaanguka wote. Nakuja Ijumaa baada ya alasiri na wazee. Nitakuoa wiki hii hii, hata hujafaulu.*

Faili yenyewe ilikuwa kabatini mwa Barke. Maandalio sitini ya Aqil, yote kwa hati ya Barke, sahihi ya Aqil chini. Alikuwa ameiweka kama wenzake wanavyoweka barua za mapenzi.

Jumatatu asubuhi aliibeba hadi chuoni, akaiweka mbele ya Daktari Chrispine.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Aqil. Aliyeandika ni mimi. Na ujanja wa mikono nilianza mimi. Jumanne yeye aliupindua, lakini mlango niliufungua mwenyewe."

Daktari alifunua kurasa. "Unajua nitakufanya nini?"

"Utanirudisha mwanzo."

"Mwaka mzima, pamoja na mazoezi. Shule nyingine, na nitakukagua mwenyewe. Yeye ataitwa kwenye kamati, na diploma yake sidhani kama itasalimika." Akafunga faili. "Maandalio haya ni mazuri mno, Mwalimu Barke. Inasikitisha."

Hilo ndilo lililomliza njia nzima hadi nyumbani, Jomvu Kuu.

Ijumaa baada ya alasiri wazee walifika, watano, kanzu nyeupe, na Aqil katikati yao ameinamisha kichwa. Sinia la halua lilitangulia. Bi Mwanatabu aliwapokea barazani, akawapa kahawa, akauliza hali ya kila mmoja na watoto wake. Barke alikuwa chumbani, pazia limeshushwa, anasikia kila neno.

"Mama," mzee wa kwanza akaanza, "huyu kijana amekosa. Shetani kampitia. Amekuja kutimiza ahadi, na kadhi tumemwarifu."

"Alhamdulillahi," Bi Mwanatabu akajibu. "Ahadi ni jambo kubwa. Lakini hamkusikia khabari?"

"Khabari gani?"

"Mimi nimemnyonyesha Aqil."

Wazee walitazamana. Aqil aliinua kichwa ghafla.

"Bi Mwanatabu, si kweli, wewe wajua..."

"Nyamaa, mwanangu, mamako yuwasema. Mimi mwenyewe sikukumbuka, uzee huu. Lakini wewe umekumbuka. Umemwambia mwalimu mkuu, umemwambia binti wa watu, umewaambia na nani mwengine? Mji mzima wajua. Sasa leo nikupe dadako umuoe? Wazee wangu, hapa kuna mwenye ilimu. Nambieni, hiyo yafaa?"

Mzee mmoja alikohoa. Mwengine akarudisha kikombe kwenye sinia.

"Au alisema uongo?" Bi Mwanatabu aliuliza taratibu. "Kama ni uongo, naasimame hapa aseme mbele yenu: nilimzulia mama huyu maziwa. Nitamsikiliza."

Nyuma ya pazia Barke alishika mdomo. Alingoja. Wallahi alingoja, na moyo mjinga ule ulikuwa bado unapiga kwa ajili yake. Angesema tu. Angesema kweli mara moja, mbele ya watu.

"Faili yangu iko wapi?" Aqil akauliza.

Basi, hilo ndilo alilolisema. Hata wazee walioletwa kumtetea walianza kutafuta makubadhi yao.

"Faili iko chuoni tangu Jumatatu," Bi Mwanatabu akasema. "Barua yako watakuletea. Haya chukueni na halua yenu. Aqil, wewe ni mwana wangu sasa, ukipita njia hii usione haya, ingia ule. Leo lakini dadako hawezi kutoka kukusalimia. Ana kazi."

Na kweli alikuwa na kazi. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye ukurasa, akayafuta kwa ncha ya kanga, akapiga mstari, na juu yake akaandika kwa hati ile ile nzuri: *Andalio la Somo, Mwalimu Barke, Somo la Kwanza.*